Osmosis Bado Ni Nyekundu

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Miaka thelathini na mmoja nimeishi kwa kengele, nimekula kwa kengele, hata watoto wangu nimewazaa nikiangalia kalenda ya mihula, halafu siku ya kwanza ya kuachiliwa wananipa saa. Nimeitundika jikoni na sijaitia betri.

Hotuba zilipokwisha na soda zikanywewa, mwalimu kijana wa Biolojia aliyerithi meza yangu alinivuta kando. "Madam Nduku," akasema, "tuandikie tu zile mbinu zako. Vile ulikuwa unapitisha watoto." Nilimwahidi. Kwa hiyo namwandikia yeye, pamoja na wenzake wanaobaki pale staffroom wakigombania kile kiti kimoja kisichoyumba. Mbinu ipo, na ni nzuri. Lakini nitaeleza pia nilivyoiacha, maana hilo hakuna aliyeniuliza, na wote walionisifu siku ile walilipita kimya.

Nilianza kazi katika shule ya kutwa upande wa Emali, karibu na barabara kuu kiasi kwamba lori likipita ilibidi unyamaze katikati ya sentensi usubiri liende. Siku ya kwanza niliingia Kidato cha Pili na kurasa kumi na moja za noti nilizoziandaa wiki nzima. Nilisoma, wao wakaandika. Hakuna aliyeuliza swali hata moja, nikatoka nimejaa fahari. Nje ya dirisha alikuwa amesimama Mzee Kyalo, mkuu wa idara ya sayansi. Alikuwa mtu wa Kitui, mfupi, mwenye koti moja la kahawia na ulimi ambao walimu wengi waliuzunguka kwa mbali.

"Umewafunza?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Haya, turudi tuone."

Akaingia mbele yangu. "Fungeni vitabu. Weka chini ya dawati. Toa karatasi moja, uandike kila kitu huyu mwalimu mpya amesema. Dakika kumi."

Wengi waliandika tarehe na kichwa cha somo. Mmoja alichora seli iliyofanana na chapati iliyokunjika. Kyalo alizikusanya karatasi akanipa mkononi palepale mlangoni. "Hii ndio umefunza," akasema. "Hiyo ingine umesema tu." Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi kufundisha Kidato cha Kwanza nikiwa na macho mekundu, nao wakadhani nina maradhi ya macho.

Mbinu yenyewe ni hii, kijana, na haihitaji semina. Kila Jumatatu mwanafunzi hufunga kitabu, huchukua kalamu ya buluu, na huandika kila anachokumbuka kuhusu mada fulani. Akikwama, akae na kukwama kwake, asichungulie. Kisha hufungua kitabu na kwa kalamu nyekundu huongeza yale aliyoyasahau na kusahihisha aliyoyakosea, palepale, bila kufuta kitu. Wiki inayofuata anairudia mada ileile kwenye ukurasa mpya, na mwezi ujao tena. Jambo likitoka kwa buluu mara tatu bila kitabu, liache, ni lake. Likibaki jekundu, hapo ndipo pa kusoma. Kyalo alisema kusoma kile unachokijua tayari ni kufagia mahali palipofagiliwa, na vijana hupenda kufagia hapo kwa sababu hapana vumbi.

Watoto wataichukia mwanzoni. Mtoto wa miaka kumi na sita anapenda kusoma ukurasa mmoja mara tano huku akipaka mistari kwa kalamu ya manjano. Mara ya tano anauona ukurasa kama anavyomwona jirani wa kule sokoni: uso anaufahamu, ila ukimuuliza jina, hana. Halafu anaingia kwenye mtihani na mtihani unataka jina. Kalamu nyekundu inamwonyesha mapema kwamba jina hana, na hakuna kijana anayefurahia kuonyeshwa hivyo. Vumilia. Waache waelezane kwa Kikamba watatu watatu kama Kiingereza kimewasonga, kisha warudi waandike kwa Kiingereza. Wakifika wanne, mmoja ataanza hadithi za mpira. Na waambie walale, ingawa shule yako itakuwa inawaamsha kabla ya jogoo.

Kyalo alistaafu akarudi Kitui, na mimi nikahamishiwa shule ya wasichana huku vilimani Kilungu, si mbali na Nunguni. Zawadi aliyoniaga nayo ilikuwa pakiti ya kalamu nyekundu, na hakujisumbua kuifunga kwa karatasi. Sikumwona tena. Nilipopata habari za kifo chake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Wasichana wa Kilungu waliipokea ile kazi ya Jumatatu wakaiita buku ya red. Kila mwaka niliwaambia imetoka wapi. "Ni ya Mzee Kyalo," nilisema, nikawasimulia lile koti na ile chapati. Walimjua Kyalo kuliko walivyowajua wajomba zao. Matokeo yetu hayakuwa ya kupigiwa vigelegele, lakini msichana aliyepata C kwangu alikuwa na C yake kweli, ungeweza kumwamsha usingizini akakueleza moyo wa chura.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mtu mwenye hofu, na alikuja na hofu hiyo imeandikwa kwenye bango kubwa langoni, alama tunayolenga ikiwa na desimali zake. Kila mkutano ulikuwa mean, mean, mean, yaani wastani wa alama. Aliniita ofisini muhula wake wa kwanza.

"Madam, wenzako wamemaliza syllabus. Wewe kila Monday unarudi nyuma. Kwani unalima ama unafunza?"

Nilijitetea kidogo. Baadaye nikaacha kujitetea.

Sasa, ninyi wa sayansi mnaijua ile orodha. Kabla ya mtihani wa vitendo, mwalimu hupokea karatasi ya siri yenye majina ya vifaa na kemikali, ili aviandae. Haina swali. Ina vitu tu: kiazi, iodini, kichomeo, wembe. Lakini mwalimu mwenye njaa huitazama orodha ile jinsi mpishi anavyotazama kikapu cha mgeni, akabuni, yaani akakisia, kitakachopikwa. Mwaka huo nilibuni. Sikumwonyesha mtoto yeyote karatasi, na jambo hilo nililishikilia kama kipande changu cha heshima. Nilifanya tu "revision", ya kitu kimoja, mchana kutwa, wiki mbili. Swali likaja lilelile. Matokeo yalipotoka wasichana walinibeba juu juu uwanjani, mimi na uzito wangu, na walimu wakaanza kuniita Nabii. Mwaka uliofuata nilibuni tena, nikapata tena. Kazi ya Jumatatu ilikufa hivyo, bila matanga. Wasichana wachache tu waliendelea kuandika madaftari yao wenyewe.

Mmoja wao alikuwa Mwende. Mama yake aliuza parachichi na machungwa soko la Nunguni, na kila mtu alimwita Mama Mwende. Mwende hakuwa mwepesi darasani, na nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu wepesi nimewafundisha wengi na siwakumbuki. Alikuwa anakwenda polepole na harudi. Daftari lake la Kidato cha Pili lilikuwa jekundu ukurasa mzima, kana kwamba limekatwa. Kufikia Kidato cha Nne buluu ilikuwa imepanda mpaka karibu na ukingo.

Alitaka kuwa nesi. Nyanya yake alikuwa na kidonda cha mguu kwa muda mrefu, na nesi wa zahanati ndiye aliyekuwa akikisafisha kila wiki. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiseme daktari kama wenzake. "Daktari hakai, Madam," akasema. "Anaandika anaenda." Chuo alichokiwazia kilitaka C ya Biolojia, na Mwende alikuwa anakaa palepale kwenye C, hapandi, hashuki.

Orodha ya mwaka huo ilikuwa na viazi, iodini, Benedict, kichomeo na wembe, pamoja na chumvi ya kuyeyusha kwenye maji ambayo yangeitwa mmumunyo L. Nikasema: vipimo vya vyakula. Kiazi kina wanga, iodini inapima wanga, Benedict inapima sukari, kichomeo ni cha kuchemshia. Kila kitu kilikaa mahali pake isipokuwa chumvi. Mwalimu wa mwaka wa kwanza angejiuliza kuhusu ile chumvi. Mimi niliiona, nikabishana na macho yangu. Mwaka uliotangulia orodha ilikuwa na kitu ambacho hakikutumika kabisa, basi nikaamua chumvi nayo imewekwa kutuzungusha. Nabii hawezi kuanza kujiulizauliza wakati wasichana wote wamekwisha kukaa na kalamu mkononi.

Kwa wiki mbili tuliponda viazi. Siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa natoka maabara na beseni la viazi mikononi, Mwende akanisimamisha mlangoni. Alikuwa na daftari lake, kidole kimewekwa kati ya kurasa.

"Madam, samahani. Osmosis yangu bado ni red."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Naandika maji inaenda kwa chumvi. Lakini nikifika kwa cell nachanganyikiwa, nani anatoa, nani anapokea."

Osmosis, kwa wale mnaofundisha Historia, ni maji kupita kwenye ngozi nyembamba ya seli yakifuata upande wenye chumvi nyingi. Ni jambo la dakika mbili. Kila nyumba ya Makueni inaliona likitokea: kata vitunguu vya kachumbari, nyunyiza chumvi, uviache, utakuta maji kwenye sahani. Kitunguu kimetoa, chumvi imevuta. Ningeliweka beseni chini, nikachukua kiazi kimoja, nikamwonyesha. Chumvi ilikuwa kwenye kabati nyuma yangu.

"Achana na osmosis," nikamwambia. "Haiko."

"Haiko kwa syllabus?"

"Haiko kwa mtihani. Soma food tests."

Alibaki amesimama. "Lakini Mzee Kyalo si alisema tusome red?"

"Mzee Kyalo ndiye atasahihisha karatasi yako?" Sauti yangu ilipanda. Wasichana wawili waliokuwa bombani waligeuka. "Unaniamini ama huniamini?"

"Nakuamini, Madam."

Akatoa kidole kwenye ukurasa, akalifunga daftari.

Ijumaa ilikuwa siku ya maombi ya watahiniwa. Mnaijua: wazazi wanakuja na nguo za kanisani, mchungaji anapanda jukwaani, na watoto wanainua kalamu zao juu zibarikiwe. Mwende aliinua mbili, ya buluu na nyekundu, ingawa nyekundu hairuhusiwi kwenye chumba cha mtihani. Mchungaji aliomba kwa ajili ya "mikono ya walimu iliyowaongoza bila kuwapoteza." Nilisema amina kwa sauti, orodha ikiwa kwenye mkoba wangu.

Siku ya mtihani wa vitendo mwalimu wa somo huandaa vifaa kisha hutolewa nje. Nilisimama chini ya miti, mbali kidogo, ninaona vichwa na mikono kupitia madirisha ya maabara. Msichana anayepima chakula huponda kiazi. Nilisubiri waponde. Dakika zikapita, kisha nikawaona, mmoja baada ya mwingine, wakishika wembe na kukata viazi vipande virefu virefu kama chipsi. Wakavipima kwa rula. Wakavitumbukiza kwenye mmumunyo L. Nikakaa kwenye jiwe. Mwende aliketi karibu na dirisha la pili. Aliinua uso mara moja akatazama nje, sijui kama aliniona.

Alipotoka hakupita mbali. Alikuja moja kwa moja.

"Madam, ilikuwa osmosis."

"Mtihani ulikuwa mgumu," nikasema. "Nchi nzima wamelia."

Sikujua lolote kuhusu nchi nzima.

Wiki iliyofuata, kabla matokeo hayajafikiriwa, Mama Mwende alipanda mlima mpaka nyumbani kwangu na jogoo mwekundu amemfunga miguu. "Mwalimu, asante sana kunishikia mtoto," akasema. "Aiya, wacha kukataa. Huyu nimemlea kwa ajili yako." Alikaa, akanywa chai, akanieleza jinsi nyanya alivyokwisha kumwita Mwende "sista", kama anavyoitwa nesi. Jogoo tulimla Jumapili. Nilimla nikijua, tena nilirudia supu.

Mwende alipata C ya kutoa kwenye Biolojia, hatua moja chini ya C iliyotakiwa na chuo. Masomo mengine yote alitosha. Wasichana wengine pia walishuka, ila wengi wao hawakuwa wanaihitaji Biolojia kwenda popote, kwa hiyo hawakulia sana. Kwenye mkutano wa walimu, mwalimu mkuu alifika kwenye somo langu, akatikisa kichwa kwa utani. "Hata manabii hukosea," akasema, na wenzangu wakacheka. Nami nikacheka. Nimefanya mambo mengi ya aibu katika kazi hii, lakini kicheko kile ndicho nisichoweza kukisamehe.

Mwende alipokuja kuchukua karatasi ya matokeo aliniuliza kama kuna njia. Nikamwambia arudie mwaka. Akasema ana wadogo wake watatu nyuma na mama hawezi kulipa tena. Aliongea kwa upole, kama vile mimi ndiye ninayehitaji kutulizwa. Mpaka anaondoka sikumwambia kwamba nilikosea. Maneno yalikuwa mafupi kabisa: nilikudanganya, Mwende, kosa ni langu. Nilimwambia, "Mungu ana mpango." Mungu hakuwa mlangoni pa maabara na beseni la viazi, ni mimi niliyekuwa pale.

Ningependa kuwaandikia kwamba nilijifunza, nikarudisha Jumatatu yangu. Sikurudisha. Mwaka uliofuata orodha ilikuja, nikabuni, nikapata, wakanibeba tena. Nilibuni mpaka nikastaafu. Kufikia mwisho sikuhitaji hata kubuni peke yangu. Kulikuwa na makundi ya WhatsApp ya walimu wa kaunti nzima, manabii watupu, wakitumiana PDF. Mbinu aliyoisifia yule kijana siku ya kuniaga ni hii. Alikuwa amesikia habari za kubebwa.

Wiki chache zilizopita, Jumamosi mchana, nilikwenda Nunguni kununua sukuma wiki na, nikiri, betri ya ile saa, kwa sababu kimya cha nyumbani kimenishinda. Nikapita nyuma ya soko, penye kanisa dogo la mabati. Nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Fungeni vitabu. Weka chini."

Nilisimama dirishani, mahali hasa ambapo Kyalo angesimama. Ndani kulikuwa na vijana kama kumi na wawili kwenye mabenchi, wavulana na wasichana, sare za shule mbalimbali. Mbele yao alikuwa Mwende. Amenenepa kidogo, amevaa aproni ya hoteli yake ndogo iliyo upande wa pili wa barabara. Mezani aliweka sahani ya kachumbari.

"Hii nimeweka chumvi saa ile mmeingia," akawaambia. "Sasa angalieni chini ya sahani. Hiyo maji imetoka wapi?"

"Kwa kitunguu," mmoja akajibu.

"Nani ametoa, nani amevuta?"

"Kitunguu imetoa. Chumvi imevuta."

"Basi ni hiyo tu. Usiogope jina."

Hazikufika dakika mbili. Saa ya mkononi sina, lakini najua urefu wa dakika mbili.

Msichana wa benchi la mbele aliinua kalamu yake. "Teacher, hii maneno ya red ulitoa wapi?"

"Si yangu," Mwende akasema. "Ni ya mzee mmoja alikuwa anaitwa Kyalo. Mwalimu wa huko Kitui. Alikuwa na koti moja tu."

"Ndiye alikufunza?"

"Hapana. Mimi sikumwona."

"Sasa ni nani alikufunza?"

Mwende aliisogeza ile sahani pembeni, akaifuta meza kwa ncha ya aproni. Nilisubiri. Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha kwa mkono mmoja, mfuko wa sukuma kwa mwingine.

"Tulisikia tu shuleni," akasema. "Haya, shika kalamu ya red."

Niliondoka kabla hawajainua vichwa. Kijana, uliniomba mbinu. Iko Nunguni, kila Jumamosi mchana, kanisa la mabati nyuma ya soko. Nenda ukae kwenye benchi na wale watoto, uchukue kalamu mbili. Akikuuliza nani amekutuma, usinitaje.